'Hori' si ya ng'ombe tu

UKILITAJA neno 'hori' hapa Eldoret, mfugaji wa Uasin Gishu atafikiria mara moja chombo cha kulishia ng'ombe. Mkristo naye atakumbuka alikolazwa mtoto Yesu. Wote wawili hawajakosea. Ila mwambao una hori nyingine: mkono wa bahari unaopenya katika nchi kavu. Mtwapa, Kilifi, Tudor na Mida zote ni hori.

Ajabu ni kwamba neno hili ni nadra kulisikia katika taarifa za habari. Utasikia 'kriki', 'ghuba' au hata 'mto'. Hili la mwisho ndilo hunikera zaidi. Maji ya mto huteremkia upande mmoja, tena hayana chumvi. Maji ya hori ni ya chumvi, hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kandokando humea mikoko. Msikilizaji wa bara akiambiwa mashua imezama 'mtoni' Kilifi, atadhani ni mafuriko ya mvua. Atajuaje kwamba hapo kuna bahari?

Kosa lenyewe, hata hivyo, lina chembe ya ukweli. Nyingi ya hori hizi zilikuwa mabonde ya mito, yakamezwa na bahari ilipopanda baada ya enzi ya barafu. Hadi leo Mto Kombeni humwaga maji yake katika hori ya Tudor.

Neno hili limetokana na 'khawr' la Kiarabu. Tazama lilivyotiwa katika kinu cha Kiswahili: /kh/ ikawa /h/, /aw/ ikawa /o/, kisha ikaongezwa irabu mwishoni. Ndivyo 'khawf' lilivyozaa 'hofu'. Mbona basi si 'horu'? Kwa sababu /f/ ni sauti ya midomo, nayo huivuta /u/. Baada ya /r/ mara nyingi tunapata /i/, kama katika 'amri' na 'umri'. Neno hilohilo la Kiarabu limo katika majina ya miji ya Khor Fakkan, Milki za Kiarabu, na Al Khor, Qatar.

Kuna na hori ya tatu, mtumbwi mdogo, kutoka 'huri' la Kiarabu. Mtumbwi huo na chombo cha ng'ombe vyote vyaweza kuwa gogo lililochimbwa, kwa hiyo naviona kama jamaa. Hori ya bahari haimo katika ukoo huo.

Na ghuba je? Hiyo ni pana zaidi, mdomo wazi, wala si lazima iwe ya bahari: Kisumu iko kwenye Ghuba ya Winam, na maji yake hayana chumvi.