Soko la Viwanja Kigamboni: Bei ya Udongo na Bei ya Yakini

Kwa miaka mingi Kigamboni ilitazamana na jiji la Dar es Salaam kwa karibu na kufikiwa kwa taabu, kwa kuwa mkono wa bahari uliozitenga pande hizo mbili ulivukwa kwa pantoni ya Magogoni, na aliyekawishwa na foleni alikawia kazini pia. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililojengwa na Serikali kwa ubia na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na kufunguliwa Aprili 2016, liliiunganisha Kigamboni na Kurasini; na ardhi ya Kibada, Mjimwema na Gezaulole, ambayo aghalabu ilikuwa mashamba ya minazi na mihogo, ikawa bidhaa ya kutafutwa na watumishi, wafanyabiashara na Watanzania walioko ughaibuni.

Mgeni wa soko hili hudhani kwamba bei hutokana na ujirani wa barabara ya lami, bomba la maji na nguzo ya umeme. Mambo hayo yana uzito wake, lakini kiuzwacho kwa thamani kubwa zaidi ni yakini. Kwa sheria, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati hamiliki udongo, bali haki ya kuutumia kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo viwanja viwili vinavyopakana, kimoja kimepimwa, kina namba na kitalu chake na bikoni za zege pembeni, na cha pili kimepimwa kwa hatua za miguu, "20 kwa 20", na ushahidi wake ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, haviwezi kulingana bei ijapokuwa udongo wao ni mmoja.

Kati ya muuzaji na mnunuzi husimama dalali, ambaye hujua ni familia gani imebanwa na mirathi na ni nani anayeuza ili alipe ada ya shule. Ujira wake ni halali, kwa maana bila yeye habari za soko zisingeenea. Lakini baadhi ya madalali hupachika "cha juu", fedha asiyoijua mwenye mali, wakapata faida ipitayo udalali wenyewe.

Hila za soko hili husomeka ukutani. Maneno "Nyumba hii haiuzwi", yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu, ni kinga ya mwenye mali dhidi ya matapeli wawezao kukiuza kiwanja kimoja kwa watu watatu. Pia kuna warithi wanaouza kabla msimamizi wa mirathi hajathibitishwa, na waume wanaouza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya wake zao, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalikataza jambo hilo. Isitoshe, Serikali yenyewe yaweza kuwa chanzo cha mashaka: mradi wa Mji Mpya wa Kigamboni uliotangazwa mwaka 2008 uliwaacha wenyeji wengi kwa miaka wakiwa hawajui kama wajenge, wauze, au wangoje fidia.

Waliopata hasara kubwa kuliko wote ni wenyeji waliouza mapema ardhi isiyopimwa, wakamwachia mnunuzi wa pili faida yote ya kupima. Urasimishaji, ambao kwao majirani huchangia gharama za upimaji na kila mmoja kukubali kumega sehemu ya eneo lake kwa ajili ya barabara, humrudishia muuzaji sehemu ya faida hiyo. Kwa mnunuzi, hadhari ni nafuu kuliko kesi: afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, awaulize majirani wa pande zote nne, amtafute wakili wake mwenyewe badala ya yule aliyeletwa na dalali, na asitoe hata arubuni kabla ya hayo kutimia.