Mtoi wa Bunia Mwenye Alimfungia Mbappé Mlango

Likasi lori husota, manze. Unaingia ukidhani ni kupakia na kuhepa, unajipata siku ya tano bado mko kwa foleni mkingoja mzigo, na kila kitu imegeuka nyekundu ya vumbi: kiatu, nywele, kifuniko ya thamosi. Mimi ni tanboi, Wabongo wanaita utingo. Tumetoka Dar, tumevuka Tunduma, tumekata Zambia, tumeingia Kasumbalesa, halafu kutoka Lubumbashi ni kama kilomita 120 hivi mpaka huku. Hii ndio mji Wabelgiji walikuwa wanaita Jadotville. Shaba ndio ilianzisha mji na shaba ndio inatuleta sisi.

Nilifika Novemba 2025, siku chache baada ya Chancel Mbemba kutia ile penalti ya mwisho Rabat, tarehe 16, Congo ikang'oa Nigeria. Mtaa wa Kikula ulikuwa bado unawaka. Mathe mwenye anatupikia bukari, ndio ugali yao, anapakua sombe akisimulia vile kipa alidaka. Wasee wa pikipiki wamefunga bendera kwa kioo. Jina ni moja tu mtaani: Mbemba, Mbemba, Mbemba. Na inaniingia vizuri, juu Mbemba ni beki. Si kila siku mtaa mzima unaimba beki.

Jioni watoi huteremka kucheza boli kando ya maegesho. Boli ni mifuko ya plastiki imefungwa na kamba, goli ni mawe mawili. Wote wanataka kupiga penalti kama Mbemba. Mmoja tu ndio hataki. Wa miaka 13 hivi, pekupeku, amesimama mbele ya mawe yake kimya.

Nilimcheki vizuri kwa sababu sikuwa na kazi ingine. Winga wao ana mbio mbaya, anakuja akizungusha miguu juu ya boli. Huyu mtoi haruki. Anageuza mwili upande, magoti yamekunjika kidogo, anarudi nyuma polepole. Macho haiko kwa miguu ya mwenzake, iko kwa kiuno. Anamwachia nafasi upande wa mtaro, winga anaichukua, uwanja unaisha. Ndio sasa anatoa mguu, mara moja tu. Boli mtaroni. Hakuna mtu alipiga kelele. Alishuka akaitoa mwenyewe, akaifuta matope kwa kaptula, akarudisha.

Nikamwita. "Mdogo wangu, nani alikufunza hiyo?"

"Hakuna muntu, yaya. Minaangaliaka tu ku telefone."

"Unaangalia nani?"

"Tuanzebe." Akaona ni kama sijashika. "Yee eko mutoto ya kwetu. Banamuzalaka Bunia."

Bunia iko Ituri, mbali sana kaskazini. Huyu mtoi pengine hajawahi kufika hata Kalemie. Lakini Bunia wanabonga Kiswahili, na kwake Kiswahili ikifika mahali, hapo ni kwao. Nilipenda hiyo hesabu sana, juu hata mimi iliniingiza ndani.

Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia tarehe 14 Novemba 1997. Alikuwa bado mdogo kabisa familia ikihamia Uingereza, akakulia Rochdale, karibu na Manchester. Akiwa na miaka 8 Manchester United wakamchukua kwa akademia. Januari 2017 akaingia kikosi kubwa, mechi ya FA Cup na Wigan. Akavaa jezi za vijana wa Uingereza pia. Msimu wa 2018-19 United wakampeana kwa mkopo Aston Villa, na tarehe 27 Mei 2019, Wembley, Villa wakapiga Derby 2-1 wakarudi Premier League.

Halafu mwili ikaanza kukataa. Jeraha juu ya jeraha. Karibu miezi 10 bila mechi, na mechi ya kurudi nayo ilikuwa gani? Paris, tarehe 20 Oktoba 2020, Champions League, PSG na Neymar na Mbappé wao. Unatoka kwa kitanda cha daktari unaambiwa ukimbizane na Mbappé! Na akamweka mfukoni. Mbappé akifungua mbio, Tuanzebe ashafika, bega kwa bega, mguu mmoja safi, imeisha. United 2, PSG 1. Hiyo video ndio mtoi wa Likasi anarudia usiku, bando ikikubali.

Msee angedhani hapo ameomoka milele. Wapi. Majeraha yakarudi, akazungushwa kwa mkopo: Villa tena, Napoli, Stoke. 2023 United wakamwachilia. Ipswich wakamchukua Septemba hiyo, na kufikia 2024 walikuwa wamepanda Premier League baada ya miaka 22 nje. Oktoba hiyo hiyo akiwa kwake anaosha vyombo, glasi ikavunjika, nusura apoteze kidole gumba. Hiyo iliniuma. Amepita Mbappé, anakatwa na glasi ya jikoni. Alipona, akarudi, na 2025 akaenda Burnley. Na jezi ya taifa? Alichagua Leopards, timu ya Congo. Beki mwenzake Aaron Wan-Bissaka naye, mzaliwa wa Croydon mwenye wazazi Wacongo, akafanya hivyo 2025. Huyo wanamwita Buibui, mguu yake hufika kwenye haifai kufika.

Mimi naelewa mabeki kuliko mastraika, na si juu ya boli. Kazi yangu usiku ni kuhakikisha hakuna kitu kinatokea. Nalala juu ya turubai, sikio wazi, nahesabu kamba, nakagua sili. Asubuhi shaba ikiwa yote, hakuna mtu anauliza nilifanya nini. Ikipungua sahani moja, jina langu linajulikana mpaka bandarini. Miezi kumi hakuna anayekuita, halafu usiku mmoja unatakiwa kuwa sawa kabisa. Nilipomwambia huyu mtoi hivyo, alitingisha kichwa kama mzee.

"Beki banamwonaka siku anakosea," akasema. "Lakini minapenda. Minapenda kama anakuya mbio, na minayua hatapita."

Siku ya sita tukaitwa kupakia. Bando za shaba zikapanda, nikazihesabu mara mbili, dere akawasha taa kubwa. Giza ilikuwa imeshika, lakini boli ilikuwa bado inaendelea. Mwangaza ukamulika mawe mawili, na mbele yake mgongo mdogo ukirudi nyuma, polepole, mwili upande.