Uzazi wa Namba Tasa: Mfano wa 2¹²⁷ − 1

Istilahi *namba tasa* ina utata wa kisemantiki: namba hizo hazizaliwi kwa kuzidisha namba ndogo zaidi, bali ndizo zizaazo nyingine (12 ni 2 × 2 × 3). Tuchukue 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas aliuthibitisha utasa wake pasipo kujaribu kigawo kimoja kimoja: alianza na 3, akazidisha kila namba kwa yenyewe na kutoa 2, akichunguza mabaki tu. Hadi 1951 haikujulikana iliyo kubwa zaidi. Nayo, ikizidishwa kwa 2¹²⁶, huzaa namba timilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo. Hata hivyo, istilahi imekwisha kukita. Kuibadilisha kutawatatiza wanafunzi bure.