BOLTI ILIYOSHIKWA NA KUTU ISIKUZUIE KUTENGENEZA BREKI

Huenda kijijini kwenu liko gari moja la zamani ambalo watu wote walitegemea. Labda ni Land Rover, gari lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na ambalo hata leo baadhi yake ya miaka ya zamani bado yapanda milima. Gari hilo hubeba mahindi kwenda mnadani, hupeleka mgonjwa hospitali, tena hurudisha watoto shuleni. Siku likikataa kuwaka, hasara ni ya siku moja. Lakini siku likikataa kusimama, hasara yake hailipiki.

Watu wengi wajua kwamba breki yapasa kufunguliwa na kukaguliwa. Mbona basi hazifunguliwi? Mara nyingi sababu ni ndogo mno: bolti imekataa. Fundi amejaribu mara mbili tatu, pembe za nati zimeanza kulika, na jua linakuchwa. Basi anafuta mikono na kusema, "Breki nzuri." Naye hakuona kitu! Mwenye gari analipa, anapakia abiria, na kuteremka mlimani bila kujua. Ninyi vijana mnaojifunza ufundi, nanyi akina baba mwenye magari, someni haya kwa makini.

KWA NINI BOLTI HUSHIKA

Chuma kikipata maji na hewa hufanya kutu. Nayo kutu huchukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilicholiwa. Kwa hiyo ndani ya nyuzi za bolti, mahali penye nafasi ndogo kama unywele, kutu hujaa na kubana kama kabari. Breki hupata taabu hiyo kuliko sehemu nyingine, maana hukaa chini kwenye matope na maji ya mito, tena hupata moto na kupoa kila siku. Kule pwani hewa ya chumvi huongeza ubaya.

Ukifahamu hayo, utaona kwamba adui wako ni ile kutu, wala si bolti. Nguvu peke yake huvunja bolti na kuiacha kutu pale pale.

KABLA YA KUANZA

Simamisha gari mahali tambarare. Zuia magurudumu mengine kwa mawe au vipande vya mti, mbele na nyuma. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua gari, wakati tairi bado limekanyaga chini. Ukiisha kuinua, weka gogo imara chini ya chesisi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa hata kidogo, na tofali hupasuka ghafla. Watoto hupenda kumtazama fundi. Waambie watazame kwa mbali.

Tena, angalia upande wa kufungulia. Malori mengi ya zamani ya Bedford yana nyuzi za kinyume kwenye magurudumu ya kushoto. Nati zake hufunguka kwa kuzungushwa zifuatavyo mishale ya saa. Watu wengi wamekaza kwa nguvu zao zote huku wakidhani wanafungua.

SPANA IWE SAWASAWA

Magari ya Kiingereza ya zamani yalipimwa kwa inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Ukitia spana ya milimita 13 itaingia, lakini italegea, na ukiivuta itakula pembe. Tafuta spana ya kipimo chenyewe, tena iwe ya pete, ile inayozunguka kichwa chote. Spana ya mdomo hushika pande mbili tu.

Kwanza safisha kwa brashi ya chuma mpaka nyuzi zionekane. Kisha tia mafuta ya kulegezea kutu. Ukiyakosa, dizeli au mafuta ya taa husaidia. Yaache yafanye kazi yake. Tia jioni, tia tena asubuhi, ndipo ujaribu. Mafuta hupenya polepole sana, na fundi anayengoja dakika mbili amelowesha kichwa cha bolti tu. Wazee walisema: papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo madogo madogo mengi. Mtikisiko huo huvunja kutu na kuyafungulia mafuta njia. Halafu, kabla ya kufungua, jaribu kukaza kidogo sana. Mara nyingi bolti husogea kwanza upande wa kukaza. Ikisogea, usiivute mpaka mwisho kwa furaha. Fungua robo, rudisha kidogo, tia mafuta, fungua tena. Ukisikia inazidi kuwa ngumu, rudi nyuma.

Kumbuka pia kwamba ukirefusha mkono wa spana mara mbili, nguvu nayo huwa mara mbili. Bomba la kurefushia lafaa kwa nati kubwa za gurudumu. Kwa bolti ndogo za breki, bomba hilo huzikata tu.

Moto husaidia, lakini una masharti. Pasha nati, si bolti, maana nati ikipanuka ndipo inapoachia. Ikiisha kupata moto, gusa mshumaa kwenye nyuzi. Nta itayeyuka na kuingia ndani. Walakini usiwashe moto karibu na mipira ya breki, wala tangi la petroli, wala mahali palipolowa dizeli. Hata mafuta ya breki yenyewe huwaka.

DRUMU ISIYOTOKA

Katika Land Rover za zamani drumu hushikwa na skrubu tatu zenye mfereji. Tia bisibisi nene inayojaa mfereji, uigonge nyundo kwanza, ndipo uzungushe. Skrubu zikitoka na drumu bado yakataa, usiipige ovyo, maana hupasuka. Legeza kirekebishi cha breki kilicho nyuma ya sahani, kwa sababu drumu iliyolika hufanya ukingo, na brekishu huushika ukingo huo. Kisha tafuta tundu lenye nyuzi katika uso wa drumu. Tia humo skrubu moja na kuikaza; itaisukuma drumu nje.

Drumu ikitoka, usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu. Liningi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta maradhi ya mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, na kitambaa hicho kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Kisirudi nyumbani kufuliwa.

Tena hadhari kubwa: yale mafuta uliyolegezea kutu yasiguse liningi, maana liningi yenye mafuta haishiki. Wala yasiingie ndani ya silinda ya breki. Dizeli, mafuta ya taa na grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake na kuiharibu. Silinda husafishwa kwa mafuta ya breki au spiriti tu.

IKIKATIKA

Pengine bolti itakatika hata baada ya subira yote. Si aibu. Kipande kilichobaki hutobolewa katikati kwa keekee, au fundi wa kuchomea hukipachika nati ngeni ili apate pa kushika. Aibu ni kuficha na kulirudisha gari likiwa na bolti pungufu. Badala yake weka bolti ya kipimo kile kile na nguvu ile ile. Bolti ya kitanda si bolti ya breki.

Wakati wa kurudisha, safisha nyuzi na kupaka bolti grisi kidogo ya kuzuia kutu pale panaporuhusiwa, mbali na liningi. Atakayefungua mara nyingine atakushukuru. Kisha kanyaga pedali gari likiwa limesimama. Ikizama au ikiwa laini kama sponji, kuna hewa au pavuja, gari lisiondoke. Ikiwa ngumu, jaribu polepole mahali tambarare, bila abiria.

Na wewe mwenye gari, usimharakishe fundi. Akikuambia bolti imelowekwa na itafunguliwa kesho, mshukuru na ulale. Mahindi yatangoja siku moja. Mlima hauna subira hiyo.