Almasi Isiyo ya Mviringo

Rwanda ina bati, koltani na wolframu, lakini pete ya almasi inayoonekana Nyamirambo imetoka mbali: imebebwa na ndugu aliyekuja kutoka Dubai, au imenunuliwa Nairobi baada ya picha kuzunguka kwenye simu za ukoo mzima. Katika picha hizo siku hizi hamna mviringo peke yake. Mchumba anataka ya pembe nne, mwingine umbo la tone, mwingine ile ya kizamani iliyo bapa chini. Halafu bei inatajwa na watu wanaanza kushuku: mbona tone la karati moja ni nafuu kuliko mviringo wa karati moja? Au ni feki?

Si lazima iwe feki. Almasi nyingi ghafi zina umbo la piramidi mbili zilizounganishwa kwa vitako, na ukitaka kutoa mviringo humo, kwa kawaida utapoteza nusu ya uzito au zaidi. Mwaka 1947 mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, akazawadiwa Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake, kabla hajawa Malkia. Ilipokatwa London kwa mviringo ilibaki karati 23.6. Mnunuzi wa mviringo analipia pia kile kilichoondoka.

Sasa angalia jiwe la Mbuji-Mayi, Kongo. Katika miaka ya 1980 msichana mdogo aliokota kwenye lundo la kifusi jiwe la karati 890. Wakataji walihangaika nalo kwa miaka, na mwishowe wakakubali kulifuata jiwe lenyewe badala ya kulilazimisha. Kikatoka kito cha karati 407.48 chenye umbo la ajabu linalokaribia ngao, pamoja na vito vidogo 14. Hakuna aliyekaa chini akachora ngao kwa sababu anaipenda. Ni jiwe lililoamua. Maumbo mengi tunayoyaona dukani yamezaliwa hivyo hivyo, hata ile ya pembe nne iitwayo princess, inayopendwa na wakataji kwa kuwa inakaa vizuri ndani ya piramidi na kupoteza kidogo.

Kinachopotea upande wa pili ni mwanga. Marcel Tolkowsky, aliyetoka katika ukoo wa wakataji almasi wa Antwerp, alichapisha mwaka 1919 hesabu za mviringo: nyuso za juu ziiname nyuzi 34.5, za chini 40.75. Kwa pembe hizo mwanga ulioingia juu hugonga nyuso za chini, ukarudishwa juu machoni. Tone, au ile ndefu iliyochongoka ncha mbili iitwayo marquise, haiwezi kuwa na pembe hizo kila upande, kwa sababu urefu wake na upana wake havilingani. Ndiyo maana nyingi zina kivuli cheusi kinachokata katikati kama mabawa ya kipepeo. Kivuli hafifu hakina neno. Kikikolea hadi ukakiona ukiwa umenyoosha mkono, liache jiwe hilo hata likipunguzwa bei.

Na cheti hakitakuokoa. Taasisi ya GIA ya Marekani ilipoanza kutoa alama ya ubora wa mkato mwaka 2006, ilitoa kwa mviringo tu. Kwa tone cheti kitakueleza uzito, rangi na usafi, lakini kuhusu mwanga unabaki na macho yako. Basi usiyatumie chini ya taa za dukani, ambazo zimewekwa ili hata kioo kimetemete. Omba pete, toka hadi mlangoni, simama kivulini, uizungushe polepole.

Mkato wa ngazi ni habari nyingine kabisa. Emerald, na Asscher iliyobuniwa na Joseph Asscher huko Amsterdam mwaka 1902, zina nyuso ndefu zilizopangwa sambamba. Hazimetemeti, zinawaka kwa mapande makubwa ya mwanga na giza. Mimi naipenda Asscher kuliko zote, na nakiri ni ghali kuipenda: dirisha lake pana halifichi doa wala unjano, hivyo lazima ununue jiwe safi zaidi. Faida yake ni kona zilizopunguzwa. Almasi ni ngumu kukwaruzwa lakini hupasuka kwa urahisi katika pande fulani, na ncha kali za princess ndizo za kwanza kumeguka zikigonga sinki.

Kwa mama anayeshona vitenge kutwa, au anayevaa mtandio, ningeshauri ile bapa chini, rose, iliyokuwa ikivaliwa Ulaya enzi za mishumaa. Haina kitako, kwa hiyo inalala karibu na kidole na haidaki nyuzi. Na kwa kuwa uzito wake wote uko juu, karati moja huonekana kubwa kuliko ilivyo. Mng'ao wake ni wa utulivu. Anayetaka pete inayorusha cheche mchana kweupe asiinunue, atajuta wiki ya pili.

Ukishachagua, zungumza na sonara kuhusu makucha. Ncha ya tone au kona ya princess ifunikwe kwa kucha lenye umbo la V, si kucha la kawaida. Umwombe pia aache nafasi nyuma ya jiwe ya kupitisha mswaki laini. Almasi hushika mafuta kiasi kwamba migodi ilizoea kuzinasa kwa meza zilizopakwa grisi, na samli ya jikoni hufanya vivyo hivyo: ikitanda chini ya jiwe, mwanga unapotea kabla hata hujamlaumu mkataji. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo vinatosha.