Kosa la Nani? Namna Huduma za Wavuti Zinavyomweleza Mteja Hitilafu za Seva

Katika taaluma ya tarakilishi, istilahi mteja haimaanishi mnunuzi. Mteja ni programu inayotuma ombi, iwe kivinjari kwenye simu au mfumo wa benki. Seva ni tarakilishi inayolipokea ombi hilo na kulijibu. Mazungumzo yao huongozwa na itifaki iitwayo HTTP, na kila jibu hubeba nambari ya tarakimu tatu. Nambari zinazoanza kwa 4 humwambia mteja kuwa dosari imo katika ombi lake. Zinazoanza kwa 5 hukiri kuwa seva ndiyo iliyoshindwa. Mgawanyo huo umo katika waraka wa itifaki wa mwaka 1996, na umedumishwa katika waraka wa RFC 9110 wa Juni 2022.

Chukulia kijana aliyeko Longisa, mji mdogo ulio barabarani kati ya Mulot na Bomet, anayeomba cheti cha tabia njema kupitia eCitizen. Kioo cha simu kinamwandikia: “Kosa limetokea. Jaribu tena.” Kisarufi sentensi hiyo haina ila, lakini imemficha mtenda. Iwapo kijana amekosea nambari ya kitambulisho, kujaribu tena hakutamfaa. Iwapo seva imezidiwa, hata akiisahihisha fomu mara kumi hapati kitu. Na iwapo malipo yamepita lakini jibu limepotea njiani, kujaribu tena kwaweza kumtoza mara mbili. Hali tatu, ujumbe mmoja.

Nambari za kundi la 5 zenyewe hazifanani. 500 ni ungamo la jumla: programu imekwama ndani kwa ndani. 502 hutolewa na seva iliyo katikati, inapopata jibu lisiloeleweka kutoka kwa seva iliyo nyuma yake. 503 husema kuwa huduma haipatikani kwa muda, na inaweza kuandamana na idadi ya sekunde ambazo mteja anapaswa kungoja. Mnamo Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa kwa wingi wa maombi yasiyo ya kawaida. Tarehe 27, Waziri Eliud Owalo alithibitisha shambulio hilo na kueleza kuwa hakuna data iliyopotea. Kwa msongamano wa aina hiyo jibu mwafaka ni 503, kwani humtuliza mteja badala ya kumchochea aongeze maombi juu ya maombi.

Yenye hatari zaidi ni 504. Hii husema kuwa seva ya katikati imengoja jibu hadi muda ukaisha. Haisemi kuwa kazi haikufanyika. Ndiyo maana mfumo mzuri wa malipo hulipa kila ombi nambari yake ya pekee, ili likirudiwa, seva ilitambue na isitoze tena.

Anayechunguza mifumo ya zamani hukumbana na fumbo jingine. Itifaki ya SOAP 1.1, ya mwaka 2000, iliagiza kwamba kila ripoti ya hitilafu isafirishwe kwa nambari 500, hata pale mteja alipokuwa mkosaji. Lawama halisi iliandikwa ndani ya ujumbe, kwa jina la Mteja au Seva. Toleo la 1.2, lililoidhinishwa Juni 2003, liliyabadilisha majina hayo yakawa Mtumaji na Mpokeaji, na kosa la mtumaji likapewa 400. Mabadiliko hayo si ya maneno matupu, maana seva nayo huwa mteja inapoiomba seva nyingine. Kwa hiyo, anayeona 500 kutoka kwa huduma ya SOAP 1.1 hana budi kuufungua ujumbe wenyewe kabla ya kumlaumu yeyote.

Kuna pia kinyume chake: nambari 200, yaani “sawa”, iliyofunika hitilafu. Programu za Silverlight zilizoendeshwa ndani ya kivinjari hazikuweza kusoma yaliyomo katika jibu la 500, basi wasanifu wakalazimika kuzituma hitilafu chini ya 200. Katika malipo ya M-Pesa kuna ngazi mbili zilizo halali: ombi hupokelewa kwanza, kisha matokeo huja baadaye na nambari zake, ambapo 0 ni kufaulu, 1 ni salio kutotosha, na 1032 ni mwenye simu kughairi. Msanifu anayesoma ngazi ya kwanza pekee atatangaza malipo ambayo hayakufanyika.

Je, seva iseme yote? La. Kumwaga majina ya faili na majedwali ya ndani mbele ya mgeni ni kumkabidhi mwizi ramani ya nyumba. Maelezo hayo hubaki katika kumbukumbu za seva. Mteja hupewa nambari ya rejea. Waraka wa RFC 9457 wa Julai 2023 umeweka muundo wa taarifa kama hizo: aina ya tatizo, kichwa, nambari ya hali, ufafanuzi na utambulisho wa tukio.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika. Kosa hutokana na kukosa, nalo huelekea kumtafuta mkosaji; hitilafu huweza kukipata chombo bila mtu kushutumiwa. Tafsiri zinazotumia kosa kotekote huifuta tofauti ambayo nambari zilikwisha kuiweka. Kwa 400 yafaa kuandikwa: “Nambari ya kitambulisho haijakamilika, isahihishe.” Kwa 503: “Huduma yetu imezidiwa, rudi baada ya dakika tano, fomu yako haina tatizo.” Na kwa 504: “Hatujathibitisha kama malipo yako yamepita. Usilipe tena, angalia kwanza ujumbe wa simu yako, kisha tutajie nambari hii ya rejea.”