Kimbunga Kinapokuja, Nani Hukesha?

Sisi tukaao katikati ya bara tunazijua radi na mvua kubwa, lakini kimbunga cha bahari hatukijui. Ndugu zetu wa Madagaska na Msumbiji wanakijua, tena wanayahesabu majira yake: toka Novemba hadi Aprili.

Chanzo chake ni joto. Maji ya bahari yakipata digrii 26 na zaidi, mvuke hupanda kwa wingi. Ukigeuka kuwa mawingu hutoa joto lake, na hewa ya pande zote hukimbilia mahali pale. Kwa kuwa dunia yajizungusha, hewa hiyo haiji moja kwa moja, bali huzunguka. Kusini mwa ikweta huzunguka kama mishale ya saa. Katikati hubaki jicho, yaani mahali pa utulivu. Ole wake adhaniye kwamba tufani imekwisha! Upande wa pili unakuja, na upepo wake huvuma kinyume cha ule wa kwanza.

Nani basi hukesha? Katika kisiwa cha Réunion kipo kituo cha Wafaransa kilichopewa kazi ya kuangalia sehemu yote ya kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi. Satelaiti, zilizo juu kilometa 36,000 hivi, hupiga picha za mawingu mchana na usiku. Wataalamu hutazama jinsi yalivyojikunja, nao hukadiria nguvu za upepo hata pasipo na meli. Upepo ukifika kilometa 63 kwa saa, dhoruba hupewa jina, na kila nchi huwaonya watu wake.

Je, kuonywa kwatosha? Usiku wa tarehe 14 Machi 2019, kimbunga Idai, kilichokwisha kuonekana siku nyingi kabla, kiliupiga mji wa Beira. Upepo ukapita, lakini mvua haikukoma. Mito ya Pungwe na Buzi ikafurika, maji yakafunika vijiji vilivyo mbali na pwani. Waliokufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi walizidi 1,000. Mwaka 2023 kimbunga Freddy kiliingia Msumbiji, kikarudi baharini, kisha kikaingia tena.

Mpimaji wa hewa aweza kuuona upepo ungali mbali, lakini hawezi kumbeba mtoto wa mwenzake mpaka mlimani. Kazi hiyo ni ya wazazi. Basi kila mzazi akaaye bondeni ajue mapema atawapeleka wapi watu wa nyumba yake, wala asirudi upesi kwa sababu tu upepo umenyamaza.